Kopo, chupa na kamba: hesabu za nyumbani wakati shule imefungwa



Kwa kawaida katika kurasa hizi tunaandika juu ya mbegu, mbolea ya kuoza na ghala. Safari hii tunaandika juu ya watoto. Wengine watauliza: maagronomu wanatafuta nini katika mambo ya masomo? Tutajibu kwa kisa cha kopo moja la maharagi, kwa sababu kopo hilo lilitufungua macho sisi wenyewe.

Shule inapofungwa

Januari 2025 mapigano yalifika Masisi-Centre. Machi yakafika Walikale-Centre. Katikati ya miezi hiyo, Februari, UNICEF ilitangaza kwamba ndani ya Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini shule na nafasi za kusomea zaidi ya 2,500 zimefungwa. Ninyi mnaosoma hapa hamhitaji kuelezwa. Mliona wenyewe madarasa yakigeuka malalo ya wakimbizi, na mabenchi yakigeuka kuni.

Tangu mwaka wa masomo wa 2019 shule za msingi za serikali ni bure. Wazazi wengi walifurahi, wakawatuma hata wasichana waliokuwa wamebaki nyumbani. Halafu mlango ukafungwa tena, safari hii si kwa kukosa makuta. Mtoto akikaa miezi sita bila kushika biki, hasahau tu meza ya kuzidisha. Anaanza kuamini kwamba masomo si mambo yake. Hilo la pili ndilo gumu kuponyesha.

Tulipokuwa tunazunguka vijijini kwa msimu B, karibu kila nyumba ilituuliza neno moja. Mama mmoja wa upande wa Nyabiondo alilisema hivi: "Bwana agronomu, mbegu mumeleta, aksanti. Sasa hawa batoto? Banazunguka tu. Mimi sikusomaka, nitabafundisha nini?"

Tulivyokosea sisi kwanza

Tunapaswa kusema ukweli: jibu letu la kwanza lilikuwa baya. Tulikusanya mazoezi ya hesabu tuliyokuwa nayo, tukapiga fotokopi, tukagawa. Yalikuwa kwa Kifaransa kizuri. Kulikuwa na treni mbili zinazoondoka miji miwili na kukutana njiani. Kulikuwa na bomba linalojaza bwawa na lingine linalolimwaga.

Masisi hakuna reli. Walikale hakuna reli. Mtoto akisoma zoezi hilo anapigana kwanza na lugha, kisha na treni, na akifika kwenye hesabu yenyewe amechoka. Mzazi naye hawezi kujua kama jibu ni la kweli au la uongo. Baada ya wiki tatu tulikuta karatasi zetu zimefungia chumvi na karanga. Hatukumlaumu mtu. Karatasi ilifanya kazi iliyoiweza.

Mama yule wa Nyabiondo ndiye aliyetuonyesha njia, bila kujua. Siku hiyo alikuwa anapanda maharagi ya kupanda miti nyuma ya nyumba, na binti yake wa miaka 12 alikuwa anamsaidia. Kabla ya shule kufungwa binti huyo alikuwa mwaka wa tano wa msingi.

Kitalu cha meta tano

Tulichora kitalu kimoja: urefu meta 5, upana meta 1. Upana huo unatosha mkono kufika katikati bila mguu kukanyaga udongo. Mistari miwili, kati ya mstari na mstari sentimita 50. Kati ya shimo na shimo sentimita 20. Katika kila shimo mbegu 2.

Tukamuuliza binti: mstari mmoja una mashimo mangapi? Akaandika chini kwa kijiti. Meta 5 ni sentimita 500. Akagawanya 500 kwa 20, akapata 25. Tukamwambia vizuri.

Ndogo wake wa miaka 8, ambaye hakuulizwa kitu, alikuwa tayari amechimba. Akasema: "Hapana. Iko 26."

Sisi wenye diploma tulicheka kidogo. Tukahesabu. Yalikuwa 26. Mtoto alianza kuchimba kwenye ncha kabisa ya kitalu, akamaliza kwenye ncha nyingine. Nafasi ni 25, lakini mashimo ni 26, sawa na vidole vya mkono: vidole ni 5, nafasi kati yao ni 4. Binti hakukosea kugawanya. Alikosea kuangalia anachogawanya. Somo hilo hakuna ubao uliowahi kumpa.

Basi mistari miwili ni mashimo 52, na mbegu ni 104. Matete ya kusimikia, moja kwa kila shimo, ni 52. Binti alituma wadogo zake kuyakata, akiwapa namba kamili, na hakuna aliyerudi mara ya pili.

Siku chache mbele tulikuwa tumewaomba wajaribu mbegu zao: kuchukua mbegu 20 bila kuchagua, kuzilaza ndani ya kitambaa kibichi, kukilinda kisikauke, na kungoja zitoe mizizi. Zilitoa 17. Hapo tukaingia kwenye asilimia, jambo ambalo watoto wengi wanaliogopa. Mbegu 20 zimetoa 17. Mbegu 100, ambazo ni 20 mara tano, zitatoa 85. Kwa hiyo kama tunataka miche 104, tuzidishe 104 kwa 100, tugawanye kwa 85. Inakuja 122 na kitu. Tukasema 123. Zinazoongezeka ni 19. Watoto wakatia mbegu ya tatu katika mashimo 19, wakiyatawanya kitaluni.

Mama aliangalia kaye ya binti yake. Hasomi, lakini alielewa. Akasema: "Kumbe njo maana mwaka uliopita nilipandaka mingi, ikaota kidogo. Nilisema ni mvua."

Mizani ya fimbo

Wiki iliyofuata binti aliuliza swali ambalo hatukulitayarisha: mavuno yatakuwa kilo ngapi? Nyumbani hakukuwa na mizani. Ya koperative iko mbali na haitoki ghalani. Tukatengeneza yao.

Mnaweza kuitengeneza hata leo. Chukueni fimbo moja iliyonyooka, ndefu kama mkono wa mtu mkubwa. Tafuteni katikati yake kwa kamba: pimeni urefu wote, kunjeni kamba mara mbili, tieni alama. Fungeni kamba ya kuning'inizia pale kwenye alama. Kwenye kila ncha ning'inizeni kikapu kidogo, vikapu viwili vinavyolingana. Vikiwa vitupu, fimbo ilale sawa. Ikiinama, ongezeni kijiwe kwenye upande mwepesi mpaka ilale.

Mawe ya kupimia ni maji. Litri moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Chupa ya maji ya litri moja na nusu, ikijazwa mpaka pale ilipofika ilipokuwa mpya dukani, ni kilo moja na nusu. Chupa ya nusu litri ni gramu 500. Plastiki yenyewe ina uzito mdogo. Ukitaka kuwa sawa zaidi, tia chupa tupu ya namna ileile upande wa maharagi.

Kisha kuna jaribio la kujua kama mizani inasema kweli. Pima kitu mpaka fimbo ilale sawa, halafu badilisha: kilichokuwa kushoto kiende kuume, cha kuume kije kushoto. Kama fimbo inalala sawa tena, mizani ni ya kweli. Kama inainama, mkono mmoja ni mrefu kuliko mwingine. Watoto wanalipenda sana jaribio hili. Wanalifanya hata bila kutumwa, na hilo ndilo lililoleta kisa cha kopo.

Kopo la mnunuzi

Mavuno yalikuja Julai. Nyumba ile ilivuna kitalu cha masomo pamoja na shamba lao lote, wakakausha, wakapura, wakatenga mbegu. Mnunuzi mmoja alikuja na kopo lake, kama anavyokuja kila msimu. Kule njia ni mbaya na wanunuzi si wengi. Bei ilikuwa ya kopo, na wote walijua kopo ni kopo: lile la maziwa ya unga, kila nyumba inalo.

Binti aliomba kulishika. Kwa nje yalikuwa ndugu wawili. Lakini la mnunuzi lilikuwa limegongwa chini mpaka tumbo likatoka nje, tena lilijazwa kwa kilele, wakati la nyumbani linapimwa kwa kufuta juu na kijiti. Mnunuzi alipokwenda kunywa maji, watoto walipima. Kopo la nyumbani lilikuwa kilo 1 na gramu 200. Lile la mnunuzi, na kilele chake, lilisimama sawa na chupa ya litri moja na nusu: kilo 1 na gramu 500. Wakabadilisha upande. Fimbo ikalala sawa tena.

Binti akaandika: makopo 4 ya mnunuzi ni makopo 5 ya kwetu. Nyumba ilikuwa inataka kuuza makopo 40. Kwa kopo la nyumbani hiyo ingekuwa kilo 48. Kwa kopo la mnunuzi ni kilo 60. Kilo 12 zingeondoka bila kulipwa, yaani makopo 10 ya nyumbani. Na hayo si matabisha. Matabisha mtu anaitoa kwa mkono wake, akijua.

Baba alinyamaza muda mrefu. Alituambia baadaye kwamba hakumwogopa mnunuzi. Aliogopa kubaki na maharagi. Walihitaji chumvi, sabuni na dawa ya mtoto mdogo. Mwishowe alisema kwa heshima: "Muheshimiwa, leo tunauzisha kwa kilo." Mnunuzi aliona fimbo na chupa, akasema nyumba hiyo imeanza siasa, akabeba kopo lake akaenda.

Siku zile hazikuwa rahisi, na hatutaki kuwadanganya. Walikopa chumvi kwa jirani. Jirani aliuliza kwa nini, wakamwonyesha, naye akaleta kopo lake kupimwa. Ndani ya wiki mbili nyumba 9 za koperative zilikuwa zimeweka maharagi pamoja, zikapima kwa mizani ya ghala, zikamwita mnunuzi mwingine. Huyo hakuongeza bei. Alilipa kilo alizochukua, basi. Hicho ndicho tulichokuwa tunakosa.

Tuliporudi ofisini tulijiuliza: misimu mingapi sisi tumefundisha namna ya kuongeza mavuno, na mavuno yenyewe yanapita chini ya kopo?

Walikale: muhogo wa bibi

Kutoka milima ya Masisi ukishuka magharibi unaingia pori la Walikale. Kule maharagi yanaacha nafasi kwa muhogo, ndizi, karanga na mawese, na nyumba ziko mbalimbali. Tulitaka kujua kama hesabu za bustani zinafanya kazi pia mahali ambapo hakuna kitalu cha maharagi wala chupa nyingi.

Tulikutana na bibi mmoja kwenye njia ya Mubi. Analea wajukuu wanne. Machi walikimbilia porini, waliporudi walikuta shamba limelimwa na nguruwe wa porini na shule haina mlango. Mjukuu mkubwa ana miaka 9. Bibi hakusoma, lakini alikuwa na taratibu ambayo walimu wengi wangeitamani. Asubuhi shamba. Jua likipanda, kivuli. Chini ya kivuli kila mtoto anamwambia bibi jambo moja alilohesabu asubuhi, kwanza kwa Kinyanga, kisha kwa Kiswahili. Kama hakuhesabu kitu, anaendelea kesho.

Bibi alitaka kupanda muhogo kwenye ari moja, meta 10 kwa meta 10. Tulimwonyesha mjukuu namna ya kupata pembe iliyonyooka kwa kamba. Unafunga mafundo 12 yanayoachana sawasawa kwenye kamba, unaiunganisha iwe duara, watu watatu wanaivuta: upande mmoja nafasi 3, wa pili nafasi 4, wa tatu nafasi 5. Pale ambapo upande wa 3 unakutana na wa 4, pembe ni sawa kama ya mlango. Fundi wa nyumba anaijua siri hii. Mtoto akiijua shamba halitakuwa la kupinda.

Meta 1 kati ya mmea na mmea, kila mmea katikati ya mraba wake, ni mimea 100. Fimbo moja nzuri ya muhogo ilikuwa na urefu wa meta 1 na nusu. Kila kipande sentimita 25. Fimbo moja inatoa vipande 6. Kwa vipande 100, fimbo ngapi? Mtoto alitumia kokwa za mawese, akaziweka sita sita. Fimbo 16 zilitoa 96, zilibaki 4. Akasema kwa sauti ya chini: "Bibi, tutakata fimbo moja tena, ya 17." Ndivyo. Zinatoka 102, na vipande viwili vinavyobaki ni vya kujaza palipokufa.

Lakini kabla ya kukata, bibi mwenyewe aliongeza somo. Alimpeleka mtoto kwa shamba la jirani, akamwambia ahesabu kwanza mimea yenye majani yaliyokunjamana na madoa ya njano. Ule ni ugonjwa wa mozaiki, na fimbo ya mmea mgonjwa inabeba ugonjwa mpaka shamba jipya. Katika mimea 25, migonjwa ilikuwa 6. Kwa hiyo kama unahitaji fimbo 17, hauendi mahali penye mimea 17. Mtoto alihesabu: hapa ninapata 19, inatosha.

Na karibu na jiko kulikuwa na lengalenga. Wakikata mafungu 12, bibi anagawa: theluthi ya kula, theluthi ya kuuza, theluthi ya mtu aliyetusaidia tulipokuwa porini. Hivyo watoto walijifunza sehemu, na walijifunza na lingine.

"Sikumtuma shule arudi kwa jembe"

Si kila mzazi alikubali. Baba mmoja, mwanamemba mzuri wa koperative upande wa Lushebere, alitukataza waziwazi: "Mimi sikumtuma mtoto shule ili arudi kwa jembe. Munaita somo, lakini ni kazi."

Ana haki ya kuogopa. Mtoto akiwa nyumbani kila siku, mikono yake inaonekana bila malipo. Tumeona nyumba ambazo mvulana anapewa biki na msichana anapewa bidoni ya litri 20, ambayo ni kilo 20 mgongoni. Huko hakuna somo. Kwa hiyo na baba huyo tulikubaliana sheria ndogo, ambazo sasa tunazipendekeza kwa wote.

Somo halizidi muda wa saa moja na nusu kwa siku, asubuhi kabla ya jua kali. Kitalu cha masomo hakizidi meta 5 kwa meta 1. Mtoto anahesabu kabla ya kazi, anaandika jibu lake, halafu baada ya kazi anaangalia kama lilikuwa kweli. Kama hakuandika kitu, hiyo ilikuwa kazi na si somo, na tusiiite somo. Wasichana na wavulana wanapokezana biki, na wanapokezana bidoni.

Baba yule alikubali kujaribu mwezi mmoja. Hakutuambia kama alifurahi. Ila tuliporudi tulikuta kaye mbili, si moja.

Kuchagua vyombo vya hesabu

Wazazi wengi wanatuuliza wanunue kitabu gani. Kama mnaweza kupata kitabu cha mwaka wa mtoto, mwulizeni direkteri au mwalimu aliye karibu. Hata akiwa mkimbizi kama ninyi, anajua programu na anaweza kuonyesha kurasa za kuanzia. Lakini kabla ya makuta kutoka, chombo chochote cha hesabu kipimwe kwa maswali haya:

Moja. Je, mtoto anaweza kukishika? Kokwa, matete, kamba na chupa vinafundisha kabla ya namba kuandikwa.

Mbili. Je, mzazi asiyesoma anaweza kuona kama jibu ni kweli? Fimbo ikilala sawa, hata bibi anaona.

Tatu. Je, hesabu hii inatumika wiki hii ndani ya nyumba? Hesabu inayotumika leo mtoto hataisahau kesho.

Nne. Je, inapanda? Aliyemaliza kuhesabu aende kuzidisha, kisha sehemu, kisha asilimia. Mtoto wa miaka 12 asibaki kwenye kokwa kwa sababu tu mdogo wake yuko kwenye kokwa.

Tano, na hii ni nzito kuliko zote: je, ni salama? Tunaomba msome aya hii mara mbili, na mwasomee wasiosoma. Msitumie kopo wala chupa iliyokuwa na dawa ya wadudu, hata ikioshwa. Msiwape watoto mbegu zilizopakwa dawa, zile zenye rangi nyekundu, ya waridi au kijani, kuwa vitu vya kuhesabia. Rangi ile ni onyo la sumu. Na msiokote vyuma msivyovijua kuwa mawe ya mizani. Baada ya mapigano kuna vitu vilivyobaki ndani ya majani ambavyo vinaweza kulipuka. Mtoto akiona chuma asichokijua, asikiguse, asikitupie jiwe. Arudi kwa njia aliyojia na amwambie mtu mkubwa. Maji ndani ya chupa yanatosha kuwa mizani.

Bustani haifundishi yote

Tunapenda kilimo, lakini hatutaki kuuza uongo. Bustani haifundishi Kifaransa, na mtihani wa taifa wa mwisho wa shule ya msingi unaandikwa kwa Kifaransa. Haifundishi historia ya nchi. Nyumba haichukui nafasi ya mwalimu. Inashika mahali pake, ili mtoto akirudi akute bado ana kiti.

Kwa hiyo kila jioni, kama kuna mwanga, mtoto aandike sentensi moja tu ya Kifaransa juu ya alichohesabu. Aliye mkubwa amsomee mdogo. Na kwa wale waliopitwa na umri wa darasa lao, ulizeni kama karibu nanyi kuna kituo cha kurudisha masomo, kinachoitwa CRS: huko miaka 6 ya shule ya msingi inafanywa kwa miaka 3.

Koperative nazo zinaweza kufanya kitu, bila kungoja mradi. Siku moja kwa wiki fungueni ghala, watoto walete fimbo zao na chupa zao kulinganisha na mizani kubwa. Andikeni ukutani uzito wa kopo la kijiji, lililofutwa juu, kwa maharagi, kwa mahindi na kwa mchele, kwa kuwa kopo moja halina uzito mmoja kwa vitu vyote. Siku ya mkutano, karani asome hesabu kwa sauti, na mtoto mmoja azirudie ubaoni. Sheria ya OHADA tunayoifuata inadai koperative iwe na vitabu vya hesabu. Ni nani atakayevishika miaka 10 ijayo, kama si hawa?

Tumalize na binti wa Nyabiondo. Septemba shule ilifungua tena, madarasa matatu kati ya sita. Mwalimu alimpa mtihani mdogo kujua amwache mwaka gani. Katika hesabu alipita. Katika imla ya Kifaransa alianguka vibaya, tena hakuficha. Walimweka mwaka wa tano, pale alipokuwa ameachia. Alipoteza karibu nusu mwaka, hakupoteza zaidi.

Tulimkuta amekaa mlangoni na wadogo zake, kaye iko magotini. Tulimwuliza fimbo ya mizani iko wapi. Alisema ameiazima kwa jirani, na jirani ameiazima kwa mwingine. Ila chupa alibaki nazo. Alisema: "Maji tutapata popote. Fimbo njo ngumu kupata yenye kunyooka."

Kama nyumbani kwenu mmejaribu namna nyingine ya kuwasomesha watoto shambani, mwambieni agronomu wa upande wenu, ailete. Tutaiandika hapa, pamoja na makosa yake.